Fomu Zilizojaa Tano

Ubishi ulianzia kwenye rundo la fomu. Chama kimoja cha wahamiaji kutoka Afrika Mashariki na Kongo, wanaoishi Sharpstown, kusini-magharibi mwa jiji la Houston, huendesha warsha za Jumamosi za kuandika programu za kompyuta. Mfadhili alitaka uthibitisho kwamba fedha zake haziendi bure, basi mweka hazina akamwaga fomu mezani. Karibu kila mshiriki alikuwa amezungushia 5, alama ya juu kabisa, mstari baada ya mstari: mkufunzi 5, mada 5, ukumbi 5, na chakula nacho 5, ingawa siku ile wali uliungua na harufu yake ikafika mpaka maegesho ya magari. Katibu akasema uthibitisho ndio huo, upelekwe. Dada mmoja katika kamati, ambaye kazi yake ya kila siku ni kupima ubora wa programu, akauliza: "Kama wote waliridhika hivi, mbona wiki iliyofuata viti vilibaki vitupu?"

Hakuna aliyemjibu.

Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa waliokaa kimya. Fomu za namna ile anazijua kutoka kila upande: amezijaza akiwa mshiriki, amezikusanya akiwa msaidizi, na sasa anazisoma akiwa mkufunzi. Swali la yule dada lilimfanya apitie upya yale aliyoyaona katika warsha za watengenezaji programu tangu Dar es Salaam hadi Texas.

Julai 2009 kebo ya SEACOM iliyopita chini ya bahari ilianza kufanya kazi, ikaiunganisha Dar es Salaam na Mombasa na dunia. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya intaneti ya Tanzania ilipitia satelaiti, ghali na ya kusuasua. Ghafla kila ofisi ilitaka kuwa na tovuti, na warsha za kutengeneza tovuti zikachipuka kila kona. Mwandishi, wakati huo kijana aliyekuwa akihudumia kompyuta za ofisi moja jijini, alipelekwa kwenye mojawapo. Tangazo lilisema mafunzo yatakuwa "kwa vitendo". Ukumbini walikuta kompyuta chache, watu watatu kwa mashine moja, na aliyewahi kushika kipanya asubuhi alikishika mpaka jioni. Wenzake wawili walijifunza PHP kwa kuchungulia begani kwake.

Siku ya mwisho aliingia afisa mmoja akiwa na fomu za tathmini, karatasi ya kusaini, bahasha za posho na vyeti, vyote mkono mmoja. Unarudisha fomu, unasaini, unapokea bahasha, unakabidhiwa cheti. Jamaa aliyekaa jirani na mwandishi alianza kuandika kwamba hajagusa kibodi tangu warsha ianze. Mwenzake akamnong'oneza, "Unataka wasituite tena?" Kalamu ikabadili njia. Kwenye nafasi ya "maoni mengine" akaandika maneno ambayo kila aliyewahi kuhudhuria warsha Tanzania anayafahamu: siku ziongezwe.

Inachekesha, lakini yule jamaa hakuwa mwongo. Aliyasoma mazingira kuliko aliyetunga fomu. Aliona tathmini imekuja sambamba na bahasha, akaijaza jinsi mtu anavyosaini risiti dukani. Hadi leo mwandishi akionyeshwa matokeo ya tathmini yoyote, huanza kwa kuuliza nani alizikusanya zile fomu, na saa ngapi. Majibu hayo mawili humweleza mengi kabla hajaona alama hata moja.

Miaka michache baadaye alihamia Houston, na kama wageni wengi wasio na gari wala ndugu mwenye nyumba, akaangukia Sharpstown. Mtaa huu ulianzishwa 1955 na mjenzi Frank Sharp kwa ajili ya familia za tabaka la kati. Mwaka 1961 ukapata jengo la maduka lenye viyoyozi, jambo la kujivunia enzi hizo. Siku hizi linaitwa PlazAmericas. Mwaka 1971 jina la Sharpstown likavuma Texas nzima kwa sababu nyingine: kashfa ya benki ya Sharpstown State Bank, ambamo wanasiasa walikopeshwa fedha za kununulia hisa za kampuni ya bima ya Sharp, huku Sharp mwenyewe akitaka sheria za kuinufaisha benki yake. Kwenye karatasi hisa zile zilipendeza sana. Bei ya mafuta ilipoporomoka miaka ya 1980, nyumba nyingi za kupangisha za upande huu wa jiji zilibaki tupu, kodi ikashuka, wahamiaji wakaingia. Leo ukipita Bellaire Boulevard unasoma mabango ya Kichina, Kivietinamu na Kihispania, na kwenye ngazi za majengo ya ghorofa mbili utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha kambi ya Kakuma na cha Kariakoo.

Warsha ya kwanza iliyomshangaza huko Marekani ilifanyika katika chumba cha chuo kimoja jijini. Ilifuata utaratibu wa Software Carpentry, mradi ulioanzishwa 1998 na Greg Wilson na Brent Gorda katika maabara ya Los Alamos, New Mexico, ili kuwafundisha wanasayansi kuandika programu zao wenyewe. Mlangoni kila mtu alipewa vikaratasi viwili vya kunata, kimoja cha kijani na kingine chekundu. Ukimaliza zoezi unabandika cha kijani mgongoni mwa kioo cha kompyuta yako. Ukikwama unabandika chekundu na kuendelea kujaribu. Hunyanyui mkono, kwa sababu mkono ulio hewani hauwezi kuandika, na kwa sababu mtu mzima huona haya kukaa ameunyoosha kama mwanafunzi wa darasa la pili. Wasaidizi walikuwa wakizunguka kati ya meza. Mkufunzi aliye mbele alitupa macho mara moja tu, na nyekundu zilipozidi kijani alisimamisha somo.

Wakati wa kwenda kula, vikaratasi vilevile vikapewa kazi nyingine: andika jambo moja lililokufaa kwenye cha kijani, jambo moja lililokutatiza kwenye chekundu, uviache mlangoni. Mwandishi alidhani vitaishia kwenye faili fulani. Saa ya kurudi mkufunzi alikuwa tayari amevipanga mezani kwa mafungu. Akasoma kwa sauti: wengi wanasema anakwenda mbio alipofika kwenye vitanzi, yaani amri za kurudiarudia, basi tunaanza upya hapo. Na akaanza upya hapo. Kwa mtu aliyetoka kwenye utamaduni wa fomu kukusanywa siku ya mwisho, wakati hakuna kinachoweza kurekebishwa kwa faida ya aliyelalamika, hilo lilikuwa jambo geni. Malalamiko ya saa sita yalikuwa yamepata jibu saa saba.

Jioni kulikuwa na jambo jingine. Washiriki waliombwa kusema kwa zamu, mmoja jambo zuri na anayefuata jambo baya, kwa sharti kwamba usirudie lililokwisha kusemwa. Watatu wa kwanza walisema ya kawaida: kahawa nzuri, chumba baridi, wasaidizi wakarimu. Baada ya hapo sifa rahisi ziliisha na lawama rahisi zikaisha. Mtu wa nane alipofikiwa hakuwa na pa kukimbilia, akalazimika kusema kitu cha kweli: kwamba mifano yote ilihusu takwimu za maabara, na yeye ni mhasibu.

Vikaratasi navyo, hata hivyo, vinategemea mtu. Mbele ya mwandishi alikaa kijana mmoja wa Kihabeshi ambaye kikaratasi chake kilikuwa cha kijani mchana kutwa, huku kioo chake kikionyesha kosa lilelile tangu saa nne. Msaidizi mmoja, mwanamke wa makamo, alipita nyuma yake, akatazama kioo na wala si kikaratasi, akainama na kumwonyesha alama ya nukta mbili aliyoisahau mwishoni mwa mstari. Hakumuuliza kama ameelewa. Alimwambia tu, andika tena. Mwandishi alipoanza kuwa msaidizi aliiga hilo, na amekuwa akiwaeleza wasaidizi wapya kwamba rangi ni dokezo, kazi yao ni kutazama vioo.

Kuna njia nyingine ya kupokea maoni ambayo Waafrika Mashariki wengi wameionja bila kuipa jina. Mwaka 2014 Wapolandi wawili, Ola Sitarska na Ola Sendecka, walianzisha Django Girls huko Berlin: warsha ya kuwafundisha wanawake kutengeneza tovuti, msaidizi mmoja kwa washiriki watatu. Imeenea mabara mengi, na mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ulipofanyika Zanzibar Novemba 2023, waliofika wakitokea kwenye warsha za aina hiyo hawakuwa tena wageni wa fani. Mwongozo wa Django Girls uko wazi mtandaoni, na aliyekwama kwenye hatua fulani anaweza kupendekeza sentensi iliyo bora zaidi. Ikikubaliwa, msichana wa darasa lijalo, awe Mwanza au Warsaw, anaikuta hatua ile imenyooshwa. Hakuna wastani wa alama hapo. Kuna sentensi ya zamani na sentensi mpya, na jina la aliyeibadilisha.

Mwaka 2022 mwajiri wa mwandishi wakati huo alimpeleka Addison, kitongoji cha Dallas, mwendo wa saa nne hivi kwa gari kutoka Houston kupitia barabara ya I-45. Addison si jina geni kwa wanaotumia lugha ya Python: mkutano mkuu wao wa Marekani, PyCon, ulifanyika hapo 2006 na 2007. Safari hii mada ilikuwa makontena ya programu, ule utaratibu wa kuifungasha programu pamoja na kila inachokihitaji ili iweze kuendeshwa kwenye mashine yoyote. Watu walikuwa wazoefu, si wanagenzi. Waandaaji walikuwa wamesahau jambo moja. Faili za kuanzia zilikuwa kubwa, kila mshiriki alitakiwa kuzipakua mwenyewe ukumbini, na ghala la umma walilolitegemea lina kikomo cha upakuaji kwa kila anwani ya intaneti. Hoteli nzima ilionekana kwa nje kama anwani moja. Kufika chai ya saa nne, vioo vyote vilikuwa na ujumbe uleule mwekundu wa kukataliwa.

Mkufunzi alikuwa dada mtulivu kupindukia. Alizima projekta, akachukua kalamu, akachora ubaoni safari nzima ya kontena tangu amri inapoandikwa hadi programu inapoamka, akiwataka washiriki watabiri kila hatua kabla hajaichora. Mwandishi aliondoka na uelewa ambao hajaupata kwenye kitabu chochote. Fomu ziliporudi, dada yule alipata alama mbovu kuliko wakufunzi wote wa siku hiyo. Mshiriki mmoja, kwenye mstari wa "umahiri wa mkufunzi", aliandika: intaneti mbovu.

Chumba cha pili kulikuwa na bwana mchangamfu aliyesimulia hadithi za ajali za mifumo mchana kutwa. Kompyuta hazikufunguliwa. Alama zake zilikuwa za juu ajabu.

Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani walimkodi mwigizaji Michael Fox, wakamvika jina la Dakta Myron Fox, wakamtuma kutoa mhadhara kwa madaktari na walimu wa tiba juu ya nadharia ya michezo ya kihisabati, somo asilolijua hata kidogo. Alifundishwa kuzungukazunguka, kujipinga na kutia mizaha. Wasikilizaji waliojaza fomu walimsifu. Matokeo yalichapishwa 1973, na tangu hapo kila anayesoma fomu za tathmini anapaswa kujiuliza kama anachokitazama ni elimu au uchangamfu. Si kwamba uchangamfu ni dhambi. Darasa la usingizi halimfai yeyote. Ila mtu akiulizwa "umeridhika?" hujibu kuhusu siku yake yote: kiti, kahawa, intaneti, msongamano wa barabarani na sauti ya msemaji.

Warsha za Jumamosi za Sharpstown zilimfundisha mwandishi zaidi ya zote, kwa sababu hapo hakuna bahasha wala mwajiri, na bado fomu zilidanganya.

Wanaokuja ni madereva, wafanyakazi wa maghala, wahudumu wa wagonjwa, vijana wa sekondari, na wachache waliokuwa mafundi wa kompyuta huko walikotoka. Wengi ni Wakongo. Katika mwaka wa fedha wa 2023 Marekani ilipokea wakimbizi 60,014, na zaidi ya 18,000 kati yao walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuliko nchi nyingine yoyote; Texas ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyopokea wengi. Mmoja wa washiriki hao ni mzee wa Bukavu aliyefanya kazi ya ofisi kwa miaka mingi na anayeandika kwa vidole vyote kumi, haraka kuliko mkufunzi. Zoezi la kwanza lilikuwa kuchapisha neno "salamu" kwenye kioo. Kioo chake kikasoma: sqlq;u. Akafuta, akaandika tena kwa uangalifu, ikatoka vilevile. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kibodi ya Kifaransa, ambayo A yake imekaa mahali pa Q ya Kimarekani, na M yake mahali pa nukta-mkato.

"Mzee, tukubadilishie mpangilio wa herufi?" mwandishi akamuuliza.

"Hapana, mwalimu. Nitazoea tu, iko muzuri."

Hakuzoea siku hiyo. Alifika hatua ya tatu tu wakati wengine wamefika ya saba. Kwenye fomu alizungushia 5 zote, na chini akaandika baraka za Mungu kwa walimu.

Siku nyingine, kituoni, wakisubiri basi namba 2 la Bellaire, mama mmoja wa Uvira alifunguka bila kuulizwa. Herufi za projekta zilikuwa ndogo, hakuziona. Halafu, alisema, walimu wanaongea Kiswahili vizuri kabisa mpaka jambo linapokuwa gumu. Hapo ndipo wote wanahamia Kiingereza. Mwandishi akamuuliza kwa nini hakuyaandika hayo. Mama akamtazama kwa mshangao. "Sasa mimi nitamwandikia vipi mtu aliyenipa chakula na kunifundisha bure, kwamba hakufundisha vizuri? Adabu gani hiyo?"

Hapo ndipo penye mzizi wa zile tano. Kwa watu waliolelewa kwamba mgeni hatoi kasoro ya mwenyeji, swali "umeridhika kwa kiasi gani?" ni mtihani wa adabu, na wote hufaulu. Kamati haikuwa na haja ya kuwabadilisha watu tabia. Kilichohitajika ni swali ambalo mtu anaweza kulijibu kwa ukweli bila kumvunjia mtu heshima. Kwa muda walijaribu hili: "Ulipoishia ni hatua ya ngapi?" Ni swali la namba, halimlaumu yeyote. Majibu yalirudi na kurundikana sehemu moja: nne, nne, nne, tatu, nne.

Hatua ya nne ilikuwa kuhifadhi faili. Wengi walitumia Notepad ya Windows, wakaandika jina salamu.py, na programu ikaongezea mkia wake wa .txt, mkia ambao Windows kwa kawaida huuficha. Mshiriki anaona salamu.py, kompyuta inaona salamu.py.txt, na amri ya kuiendesha inakataa kana kwamba faili haipo. Hakuna fomu ya tano-kwa-tano ambayo ingelifichua hilo. Baada ya kubadilisha chombo cha kuandikia, hatua ya nne ikaacha kuwa kaburi.

Pia waliacha kuomba maoni ya maandishi. Washiriki walipewa namba ya WhatsApp na kuambiwa watume sauti, kwa lugha yoyote, wakiwa nyumbani. Mtu ambaye kwenye karatasi huandika "nzuri sana" aliongea dakika nne, akieleza kwa mpangilio pale alipopotea, mtoto akilia pembeni. Kusikiliza sauti hizo kunachosha kuliko kukokotoa wastani, na huenda ndiyo sababu waandaaji wengi hupenda wastani.

Na vile viti vitupu? Jibu lilipatikana kwa simu. Fomu hujazwa na waliobaki mpaka mwisho. Aliyeondoka saa sita hana fomu, na maoni yake ndiyo yenye thamani kuliko ya wote. Wawili watatu wa kamati walichukua daftari la mahudhurio na kuwapigia waliosaini asubuhi wakatoweka mchana. Wengi hawakuchukizwa na chochote. Zamu zao za ghalani zilianza saa tisa alasiri, na basi halisubiri. Warsha ikasogezwa ianze mapema zaidi, na mahudhurio yakapanda bila mkufunzi yeyote kubadilisha neno katika somo lake.

Simu hizo zilikuwa na faida nyingine. Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alianza kuchapisha makala zilizogawa tathmini ya mafunzo katika ngazi nne: washiriki walionaje, walijifunza nini, wanafanya nini tofauti wakirudi kazini, na hilo limeleta matokeo gani. Warsha nyingi, za Houston na za Dodoma, huishia ngazi ya kwanza kwa sababu ndiyo inayokusanyika kabla watu hawajafika mlangoni. Ukimpigia mtu baada ya miezi miwili umeshaingia ngazi ya tatu. Dereva mmoja alikuwa ameandika programu ndogo ya kujumlisha maili zake za kodi. Mwanakwaya wa kanisa moja la Wakongo alikuwa ameorodhesha nyimbo zao kwa namba na ufunguo. Yule mzee wa Bukavu alikuwa hajaandika chochote, lakini alikuwa amenunua, kwa fedha yake, stika za herufi na kuzibandika kwenye kibodi.

Kilichorudisha mjadala huu wote mwaka huu ni akili mnemba. Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, na hasa tangu zana za namna hiyo ziingizwe ndani ya programu za kuandikia msimbo, warsha za vitendo zimebadilika sura. Vikaratasi vyote vinakuwa vya kijani kabla ya muda. Hakuna hatua ya nne tena. Hatua zote zinamalizika. Ndiyo maana fomu za rundo lile zilijaa tano, na safari hii haikuwa adabu peke yake: watu walitoka wakiwa na furaha ya kweli, kila mmoja na programu inayofanya kazi. Kwenye warsha iliyofuata mwandishi aliwaomba wafunge msaidizi wa mashine na kubadilisha kitu kimoja tu, programu iseme "habari za jioni" ikiwa ni baada ya saa kumi na mbili. Vidole vilisimama.

Hisia ya kuelewa na kuelewa kwenyewe vimewahi kupimwa mbalimbali. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa fizikia. Waliofanya mazoezi wenyewe darasani walijifunza zaidi kwa mujibu wa mtihani, lakini walihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara ulionyooka. Jasho la kutafuta jibu walilichukulia kuwa ni dalili ya kutoelewa. Na Julai 2025 shirika la utafiti la METR lilitoa matokeo ya jaribio la watengenezaji programu wazoefu 16 waliofanya kazi 246 halisi. Walipotumia zana za akili mnemba za mapema mwaka huo walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Walipoulizwa, waliamini zimewaharakisha kwa asilimia 20. Hao ni mabingwa wa fani wakijitathmini wenyewe. Mwanagenzi wa Jumamosi atajipimaje kwa kuzungushia namba?

Kwa maoni ya mwandishi, dawa si kupiga marufuku zana hizo. Wanaokuja Sharpstown watazikuta kazini, na kuwanyima ni kuwachelewesha. Ila swali la mwisho wa siku halina budi kubadilika tena. Sasa, badala ya kuuliza mtu ameishia wapi, kamati inamwomba aeleze kwa sauti mstari mmoja wa programu yake, aliouchagua jirani yake. Anayeweza, anaweza. Asiyeweza, mstari ule ndio somo la Jumamosi ijayo. Baadhi ya washiriki hawajaupenda utaratibu huo, na wamesema hivyo waziwazi, jambo ambalo kwenye chama hiki halijazoeleka.

Fomu ya mfadhili haijafutwa. Mfadhili anataka namba, na ana haki ya kuzitaka, kwa hiyo mistari miwili ya alama imebaki chini kabisa ya karatasi. Kilichoongezwa ni ukurasa wa pili unaoorodhesha yaliyobadilishwa kutokana na maoni ya washiriki, na unabandikwa ukutani kila warsha inapoanza: ukubwa wa herufi za projekta, saa ya kuanza, chombo cha kuandikia, maneno magumu yaliyotafutiwa Kiswahili. Yule dada mpima ubora ndiye anayeuandika.

Kwa wanaoandaa warsha kama hizi Dar es Salaam, Nairobi, Goma au Kampala: tenganisheni fomu na bahasha, na asiyegawa posho ndiye azikusanye. Msingoje siku ya mwisho kuuliza. Ulizeni kabla ya chakula na mjibu baada ya chakula. Kisha chukueni daftari la mahudhurio, wekeni alama kwenye majina ya waliosaini asubuhi na hawakuonekana jioni, muwapigie simu kabla wiki haijaisha.